Mzazi alisaini fomu, sasa anataka picha ya mtoto itolewe

"Wakili, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina shule ndogo ya awali hapa Mwanza, watoto 58. Baada ya mahafali ya mwaka jana tuliweka picha Instagram, na nyingine tukazichapisha kwenye bango la getini. Mwezi uliopita baba mmoja alinijia juu, anataka picha ya binti yake itolewe kote, la sivyo atanishtaki kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Nikamwonyesha fomu ya kujiunga aliyoisaini kwa mkono wake: 'Mzazi anaridhia shule kutumia taarifa na picha za mtoto kwa shughuli zote za shule.' Hakutaka hata kuisoma. Wiki hiyohiyo mhasibu wangu alituma kwenye grupu la WhatsApp la wazazi orodha ya wanaodaiwa ada, na hapo napo yakazuka maneno. Sasa kijana wangu ananiambia kuna sheria: eti nijisajili, niajiri ofisa, nisiulize dini wala chanjo bila saini, na faini ni milioni 100. Rafiki yangu mwenye shule anasema hiyo ni ya mabenki na kampuni za simu, nisijisumbue. Nimsikilize nani? Na nikichapisha fomu mpya, kila mzazi akasaini upya, yatakuwa yameisha?"

Shikamoo Mwalimu. Nianze na huyo baba, kwa sababu yeye anasubiri, na mengine yanaweza kungoja wiki moja. Itoe picha ya binti yake Instagram leo. Bango lishushwe, au sehemu yenye uso wa mtoto ifunikwe mpaka utakapochapisha jingine. Kisha mtumie ujumbe mfupi umwambie imeshatolewa, wapi na saa ngapi. Usimtake alete barua, usimhoji sababu, usimtoze chochote. Hata kama saini yake isingekuwa na kasoro yoyote, sheria inampa haki ya kuiondoa ridhaa wakati wowote, bila kujieleza na bila gharama. Kwa hiyo ile fomu uliyomwonyesha haikuwa jibu la ombi lake. Ilimfanya tu aone kwamba shule inabishana naye kuhusu mtoto wake mwenyewe.

Kama kuna kalenda zenye picha hiyo zilizokwisha kugawiwa majumbani, hizo huwezi kuzizungukia nyumba kwa nyumba, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekudai hilo. Unachodaiwa ni kuacha kuchapisha nyingine na kuondoa zile ambazo bado ziko mikononi mwako. Angalia pia simu za walimu, maana mara nyingi picha iliyofutwa kwenye ukurasa wa shule inaendelea kuishi kwenye status ya mwalimu wa darasa.

Sasa tuje kwenye hofu yako. Kijana wako na rafiki yako kila mmoja ana kipande cha ukweli, na kila mmoja amekiongezea chumvi.

Sheria inakuhusu, hilo halina mjadala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume inayoisimamia ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Mzizi wake uko kwenye ibara ya 16 ya Katiba, ile inayolinda maisha binafsi ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Mabenki na kampuni za simu ndizo zilizoanza kuihangaikia kwa sababu zina idara za sheria zinazolipwa mshahara kusoma mambo haya, lakini hakuna mahali sheria inaposema ni ya wakubwa tu. Inamzungumzia mkusanyaji, yaani anayeamua taarifa zikusanywe kwa kusudi gani na kwa njia gani. Fomu yako aliitunga nani, Mwalimu? Basi mkusanyaji ni wewe, au shule yako kama imesajiliwa kama kampuni au taasisi.

Wala usidhani daftari la karatasi linakuokoa. Taarifa binafsi ni taarifa inayomtambulisha mtu, iliyorekodiwa kwa namna yoyote: jina, umri, dini, hali ya ndoa, historia ya elimu au ya matibabu, namba ya kitambulisho, anwani, alama za vidole, hata kundi la damu. Kabati la mafaili ofisini kwako limejaa hayo tupu. Nadhani rafiki yako amesikia habari za Kenya, ambako wakusanyaji wadogo, wenye mapato chini ya shilingi milioni 5 za Kenya kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10, wamesamehewa kujisajili. Hata huko Kenya taasisi za elimu hazimo kwenye msamaha huo. Na hapa tunaongozwa na sheria ya Tanzania, ambayo haikuweka mstari wa namna hiyo.

Kuna msamaha mmoja unaowachanganya wengi, nao ni wa matumizi binafsi ya nyumbani. Mama aliyekuja mahafali na simu yake akampiga mwanawe picha, na mtoto wa jirani akaonekana pembeni, hajavunja sheria hii kwa kuiweka kwenye albamu ya familia. Shule haiwezi kujificha nyuma ya msamaha huo. Picha uliyoweka Instagram ilikuwa tangazo la shule, na hapa tufike kwenye kiini cha jambo.

Watu wengi wanaisoma sheria hii kama sheria ya saini. Wanadhani taarifa ni mali, mzazi akisaini anaikabidhi, na shule ikishakabidhiwa inaitumia itakavyo. Haiko hivyo. Sheria inafuata kusudi. Kila taarifa unayoichukua inakuja na kazi iliyoombewa, na ruhusa ya kuwa nayo inaishia pale kazi hiyo inapoishia. Jirani akikuazima pikipiki umkimbize mgonjwa hospitali, hajakuruhusu uifanyie bodaboda wikiendi, hata kama hakusema "usiifanyie bodaboda". Kwa hiyo kabla ya kukusanya, sheria inakutaka umweleze mzazi unataka taarifa ya nini na itafika kwa nani. Ukikusanya, uchukue zile tu zinazotosha kazi hiyo. Ukimaliza, usizilimbikize. Na ukitaka kuzitumia kwa kazi nyingine ambayo haiendani na ile ya kwanza, rudi kwa mzazi, au uwe na sheria nyingine inayokuruhusu waziwazi.

Maneno "shughuli zote za shule" yanaanguka hapo. Mzazi akisoma anafikiria mahudhurio, ripoti, pengine safari ya kwenda Saanane kuona wanyama. Wewe ulikuwa na bango la barabarani kichwani. Ridhaa isiyosema mtu anaridhia nini hasa ni karatasi tu. Na kasoro ya pili ni kubwa kuliko hiyo ya kwanza: fomu hiyo ndiyo ya kujiunga, mzazi asingeweza kuisaini nusu. Angekataa picha, mtoto angekosa nafasi, au angalau ndivyo alivyoamini. Kukubali kwa mtu asiyekuwa na mlango wa kukataa kuna thamani gani?

Chukua fomu yako na kalamu nyekundu, tupite mstari kwa mstari. Sijaiona, lakini nimeona za shule nyingi, na nyingi zimenakiliwa kutoka fomu moja ya zamani.

Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa kutoka RITA: acha. Huwezi kumsajili mtoto usiyemjua umri, na rejista ya wanafunzi ni wajibu wako kisheria. Majina na simu za wazazi, na mtu wa kupigiwa kukitokea dharura: acha. Watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto jioni: acha, na ningependa uongeze picha zao ndogo, kwa sababu kusudi lake liko wazi na ni la usalama wa mtoto. Hizo picha zikae kwa mlinzi na mwalimu wa zamu, zisining'inizwe getini kila mpita njia azione.

Kadi ya kliniki, pumu, kifafa, mzio wa karanga au maziwa: acha, lakini kwa masharti. Mwalimu asiyejua kwamba mtoto ana pumu anaweza kumpoteza mtoto mchana kweupe. Ila wanaoihitaji taarifa hiyo ni mwalimu wa darasa, mpishi na mwenye funguo ya sanduku la huduma ya kwanza. Mhasibu haimhusu, dereva wa basi inamhusu kidogo sana. Na kamwe usiweke kwenye fomu swali la VVU, au swali lililofichwa la aina hiyo, kama "dawa za kila siku anazotumia mzazi". Usiri wa majibu hayo unalindwa pia na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008.

Dini: uliza kama una kipindi cha dini au unapika chakula kinachoweza kumkwaza mtu, na uandike sababu hiyo pembeni ya swali. Kama huna, futa. Kabila: futa. Nimeshindwa kuelewa mpaka leo mtoto wa miaka 4 anaulizwa kabila ili iweje. Mwajiri wa baba na cheo chake: futa, isipokuwa kama mwajiri ndiye anayelipa ada. Kiwango cha mshahara, ambacho baadhi ya shule huuliza ili kukadiria nani atalipa kwa shida: futa, na usirudie. Nakala ya kitambulisho cha NIDA ya wazazi wote wawili: hapa shule nyingi zitabisha. Swali langu ni moja tu, mnaifanyia nini? Kama ni kuhakikisha anayemsajili mtoto ndiye mwenyewe, mwangalie kitambulisho pale mezani, andika "kimeonekana", mrudishie. Lundo la nakala za NIDA kwenye boksi chini ya meza ya karani ni hatari unayojitengenezea mwenyewe, kwa sababu siku zikiibwa, mwizi hatahitaji kitu kingine zaidi ya hapo kuanza kuwasumbua wazazi wako.

Sasa saini inatakiwa wapi? Kijana wako yuko sahihi kuliko anavyojua. Sheria yetu ina kundi linaloitwa taarifa binafsi nyeti, na humo zimo za afya, dini, miamala ya kifedha ya mtu, na, sikiliza hili, taarifa zinazohusu watoto. Taarifa nyeti zinahitaji ridhaa ya maandishi, na kwa mtoto anayetoa ni mzazi au mlezi. Kuna nafasi ambapo ridhaa haihitajiki, kama vile sheria nyingine inapokulazimisha kuwa na taarifa hiyo, kuokoa maisha ya mtu asiyeweza kuridhia, matibabu, au madai ya mahakamani. Mtoto akianguka na degedege, mpe daktari kila unachokijua, usianze kutafuta fomu.

Kwa shule kama yako ningetengeneza karatasi mbili. Ya kwanza ni ya usajili, na mwisho wake mzazi anaridhia taarifa zilizoandikwa humo zitumike kumfundisha, kumlinda na kumhudumia mtoto, pamoja na kutimiza matakwa ya serikali kwa shule. Bila hiyo huwezi kumpokea mtoto, na hilo ni sawa, kwa sababu kweli huwezi kumlea mtoto usiyejua chochote juu yake. Ya pili ni ya picha peke yake, na juu kabisa iandikwe kwa herufi zinazosomeka: kukataa hakuathiri nafasi ya mtoto shuleni. Chini yake maswali yatenganishwe, kila moja na ndiyo au hapana yake. Picha ibandikwe ndani ya darasa? Itumwe kwenye grupu la wazazi wa darasa hilo? Iwekwe kwenye ukurasa wa shule wa Instagram bila jina? Itumike kwenye bango, kalenda au tangazo? Muda uandikwe, mfano mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Na namba ya simu ya kupiga ukibadili mawazo.

Utaona majibu yatakavyokuja. Wazazi wengi wataridhia darasani na kwenye grupu, wachache watakataa Instagram, wachache zaidi watakataa bango. Hapo ndipo kazi inapoanza, maana lazima uwe na njia ya kumkumbuka aliyekataa siku ya mahafali, watoto wote wamevaa joho na mpiga picha wa kukodi hamjui hata mmoja. Shule moja ninayoifahamu huwafungia utepe mwembamba wa rangi fulani kwenye mkono wa kushoto watoto ambao wazazi wao hawakuridhia, na mpiga picha anaambiwa asubuhi. Mwalimu anapanga picha ya pamoja, kisha ile ya kuchapisha inapigwa ya pili, na watoto hao wanakwenda kukata keki kwanza. Hakuna anayejisikia ametengwa.

Njia nyingine ni kuacha kabisa kuweka nyuso za watoto mtandaoni: piga mikono inayopaka rangi, migongo ya watoto wakisikiliza hadithi, ubao uliojaa michoro yao. Hii haina hatari na haina usumbufu wa kufuatilia ridhaa. Ubaya wake ni kwamba shule ndogo inaishi kwa sifa, na mzazi anayetafuta shule anataka kuona watoto wanaocheka. Sikulaumu ukichagua kuendelea na nyuso. Ila kwa shule yenye mwalimu mkuu mmoja na karani mmoja, mimi ningechagua migongo na mikono, kwa sababu kuweka kumbukumbu ya ridhaa 58 zinazobadilika ni kazi ya kila wiki, na siku mmoja akisahau, tunarudi kwa huyu baba.

Kama unadhani natia chumvi, Septemba 2023 kamishna wa ulinzi wa taarifa wa Kenya aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kwa wakati ule ni zaidi ya milioni 70 za kwetu. Sheria yao haitufungi, lakini imejengwa juu ya kanuni zilezile, na Tume yetu haiishi kisiwani.

Orodha ya wadaiwa. Hapa Mwalimu nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu kati ya mambo yote uliyoandika, hili ndilo linalonitisha, na wewe umelitaja kwa sentensi moja. Namba za wazazi ulizichukua ili uwajulishe habari za watoto wao. Kumbukumbu za malipo unazo ili udai ada. Kuwaambia wazazi wengine hamsini kwamba baba fulani anadaiwa laki mbili na nusu hakumo kwenye kazi yoyote kati ya hizo. Hakumsaidii mtoto, hakumjulishi mdaiwa kitu asichokijua, na kusudi lake halisi, tuseme ukweli, ni aibu. Sheria inakataza mkusanyaji kufichua taarifa kwa namna isiyoendana na kusudi zilizokusanyiwa, na imelifanya kuwa kosa la jinai. Kwa mtu binafsi adhabu ni faini kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni faini inaanzia milioni 1 hadi bilioni 5. Mhasibu wako alidhani anakusanya ada, kumbe alikuwa anaandika ushahidi, wenye tarehe, na umesomwa na watu hamsini.

Mwambie aufute ujumbe ule kwa wote kama bado inawezekana, kisha uombe radhi kwa mstari mmoja bila kurudia majina. Baada ya hapo deni lidaiwe kwa mdaiwa: ujumbe wake peke yake, barua ndani ya bahasha iliyofungwa, simu, mwito wa kuja ofisini, na mwisho kabisa kesi. Barua ya deni asipewe mtoto ikiwa wazi mkononi, na mtoto asisimamishwe mbele ya wenzake. Sheria haijakunyang'anya haki ya kudai fedha zako. Imekataza kuzidai hadharani.

Umeuliza kama saini mpya zitamaliza yote. Hapana. Nusu ya wajibu wako hauhusiani na saini hata kidogo. Mafaili ya watoto yanafungwa kwa ufunguo? Kompyuta ya ofisi ina nywila, au kila anayekuja kuchapisha barua anaifungua? Walimu wanapiga picha kwa simu zao na kuondoka nazo wakiacha kazi? Nunua simu moja ya shule, hata ya bei nafuu, na picha zipigwe kwa hiyo tu. Mtoto aliyemaliza miaka 6 iliyopita, kadi yake ya kliniki bado unayo ya nini? Weka utaratibu: rejista na matokeo yabaki kadiri mamlaka za elimu zinavyotaka, mengine yachomwe, siyo kuuzwa kwa wafunga maandazi. Ndiyo, nimewahi kununua vitumbua vilivyofungwa kwenye fomu ya hospitali ikiwa na jina na ugonjwa wa mtu.

Taarifa zikiibwa au kupotea, mfano kompyuta imebebwa usiku, sheria inataka uijulishe Tume haraka iwezekanavyo. Usifunike kombe. Wajulishe na wazazi, maana wao ndio watakaopigiwa simu na matapeli wanaojua jina la mtoto na darasa lake.

Kama unatumia programu ya kusimamia shule, kampuni inayoiendesha ni mchakataji wako, inafanya kazi kwa niaba yako, na mkataba wenu useme hivyo: wafanye unachowaagiza, walinde taarifa, wakurudishie au wafute mkiachana. Uliza pia seva zao ziko nchi gani, kwa sababu kusafirisha taarifa nje ya Tanzania kuna masharti yake na hapo unahitaji mwongozo wa Tume, siyo wa kwangu kwa barua hii.

Usajili na ofisa, kwa kifupi. Ndiyo, sheria inasema mtu asikusanye wala kuchakata taarifa binafsi bila kusajiliwa na Tume. Maombi yanafanyika kwa mtandao, ada inategemea aina ya taasisi, na cheti kinadumu miaka 5. Kama bado hujasajili, anza sasa, usingoje barua ya ukaguzi. Kuhusu ofisa, sheria inataka umteue mtu wa kusimamia ulinzi wa taarifa, haijasema umwajiri mpya. Mwalimu wako msaidizi mwenye utulivu anaweza kupewa jukumu hilo kwa barua ya uteuzi, akahudhuria mafunzo. Nisingempa mhasibu. Milioni 100 aliyokutajia kijana wako ipo kweli, ndiyo kikomo cha faini ambayo Tume inaweza kutoza, na kikomo maana yake ni juu kabisa. Tume ina pia uwezo wa kukuandikia notisi ya kurekebisha kasoro ndani ya muda fulani, na mkusanyaji anayerekebisha mapema anajiweka mahali pazuri zaidi kuliko anayeandika barua za ubishi.

Jambo moja la haki nikwambie pia: sheria yenyewe si msahafu. Mei 2024 Mahakama Kuu ilikuta baadhi ya maneno kwenye vifungu vya 22 na 23, vinavyohusu ukusanyaji, hayaeleweki sawasawa na ikaamuru yarekebishwe. Kwa hiyo mtu akikuuzia fomu ya mwaka 2023 kwa maelezo kwamba "imepitishwa", mwulize imepitishwa na nani, na kwa toleo gani la sheria.

Mambo ya kutosubiri majibu ya maandishi kama haya, nenda ukamwone wakili ana kwa ana, ni haya. Kwanza, baba huyo akishapeleka malalamiko kweli. Tume inapaswa kuchunguza ndani ya siku 90, muda unaoweza kuongezwa, na itakuita ujieleze. Jibu la kwanza utakaloandika litabaki kwenye jalada, lisiandikwe na mtu mwenye hasira. Anaweza pia kudai fidia akionyesha madhara aliyopata. Pili, kama wazazi wa mtoto wametengana, mama anasema picha ibaki, baba anasema itoke. Hapo toa picha kwanza, kisha uombe nakala ya amri ya mahakama kama ipo, usijifanye hakimu wa ndoa ya watu. Sababu ya baba kutaka picha itoke inaweza kuwa kwamba kuna mtu hatakiwi kujua mtoto anasoma wapi, na jina la shule yako liko juu ya bango kwa herufi kubwa. Tatu, kama unafikiria kufunga kamera madarasani au kuanza kuchukua alama za vidole kwa ajili ya mahudhurio. Nne, kama picha ya mtoto kutoka ukurasa wako imeonekana kwenye tangazo la mtu mwingine.

Ukija ofisini kwa lolote kati ya hayo, njoo na fomu ya usajili tupu na ile aliyosaini baba huyo, picha ya skrini ya ukurasa wako kabla na baada ya kufuta, ujumbe uliomtumia, mkataba na mpiga picha kama upo, na ule ujumbe wa mhasibu kwenye grupu. Huo wa mhasibu upige picha ya skrini kabla hajaufuta, uuhifadhi mahali pasipofikiwa na mwingine yeyote. Tutauhitaji tukijieleza, na ni afadhali Tume iupate kutoka kwako pamoja na maelezo ya ulichofanya baadaye kuliko kutoka kwa mzazi peke yake.